Nani Kakupaka Chaki?

Jumamosi iliyopita nilikaa chini sakafuni, binti yangu kapanda kwenye kochi nyuma yangu, chanuo mkononi, anacheza msusi. Ana miaka sita na mkono mzito kama wa baba yake. Ananivuta, ananisukuma kichwa, ananipaka mafuta ya nazi mpaka yanachuruzika masikioni. Ghafla akanyamaza.

"Mama, nani kakupaka chaki?"

Nikajua kafika wapi. Nyuma ya sikio la kushoto, juu kidogo, nina kishungi cha nywele nyeupe pee, upana wake kama sarafu ya shilingi mia mbili. Nikamwambia hakuna aliyenipaka, zimeota hivyo zenyewe.

"Haiwezekani. Lazima kuna mtu."

Maneno hayo hayo niliyasikia kwetu Ngamiani, Tanga, Januari 2015, wiki ile ya harusi ya binti ya mama mkubwa. Wanaonijua wanajua habari ya tezi yangu ya shingoni, nimeshaisema mpaka mmechoka. Habari ya msusi sijawahi kuisema.

Tumwite Mama Pili, si jina lake. Alisukia barazani kwake, ng'ambo ya njia na kwetu, juu ya mkeka uliotoboka pale wateja wanapokalia. Alinisuka tangu nasoma shule ya msingi. Nilikwenda siku ya Alhamisi, adhuhuri, joto la Tanga la Januari mnalijua, na mimi nimevaa sweta. Aliliangalia lile sweta, hakusema kitu. Akaniuliza mtindo. Nikasema twende kilioni, maana nilikuwa nimechoka, sina nguvu ya kukaa saa sita kwa ajili ya rasta. Akacheka. "Wenzio wanakwenda harusini, wewe unakwenda kilioni."

Nikaingiza kichwa katikati ya magoti yake. Mama Pili alikuwa na desturi ya kuimba taarab kwa puani, bila maneno, na mkono ukifuata wimbo. Mkia wa chanuo unachora njia, ubaridi wa mafuta unafuata nyuma yake, kisha vidole vinaanza kukaza. Ukifumba macho unajua kafika wapi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbele yetu wanawake wawili walikuwa wanangoja zamu huku wakila embe mbichi kwa chumvi na pilipili.

Kwenye mstari wa saba, nyuma ya sikio, mkia wa chanuo ukasimama. Wimbo nao ukasimama.

Nilidhani kaona chawa. Kwa kweli nilishaanza kutunga kisingizio, nimseme mtoto wa nani.

Kidole gumba chake kikazunguka pale pale, mara moja, mara mbili, kama mtu anayefuta kioo. "Uliungua?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Hapana. "Ulipata homa kali?" Hapana, kwani kuna nini? Hakujibu. Aliwatazama wale wala embe, akavuta khanga yake begani, akanifunika nayo kichwa kama vile jua limetugeukia. Humo ndani ya khanga akanishika mkono, akachagua kidole cha shahada, akakipeleka mwenyewe.

"Shika. Usipige kelele."

Palikuwa laini. Si ulaini wa kichwa kilichonyolewa, maana wembe huacha mkwaruzo. Hapa palikuwa laini kama yai lililomenywa, kana kwamba tangu niumbwe hapajawahi kuota unywele. Hapaumi, hapawashi, hapana ukoko wala magamba. Nikazungusha kidole nikapata mpaka wake, duara kamili, na pembezoni vinywele vifupi vifupi vilivyokatika. Nikawa siwezi kukitoa kile kidole. Mama Pili akakitoa kwa nguvu, akakirudisha mapajani mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Kisha akafumua mistari minne aliyokwisha kuisuka, akabadili mwelekeo, akailaza mmoja upite juu ya lile duara na kulifunika. Hakuimba tena. Nilipotoa hela akanisukuma mkono. "Kaa nayo, ukanunulie dawa." Nikaondoka mbio, na kwa mbio zile nikaisahau rambo yenye nywele zangu. Sisi kwetu nywele za chanuo hukusanywa, zikafukiwa au zikachomwa, ndege asije akajengea kiota wala binadamu asizipeleke mahali. Mama Pili ndiye aliyekuwa akinikumbusha siku zote. Siku hiyo na yeye alisahau.

Nilimwambia mama. Mama akamwambia dada yake. Kabla ya swala ya isha kesi ilishasikilizwa na hukumu ikapita, mshtakiwa hayupo. Nywele ziko wapi? Kabaki nazo. Hela je? Kakataa kuipokea, sasa msusi gani anayekataa hela kama si aliyeshiba kwingine? Kwa nini alikufunika khanga? Kila jema alilonitendea lilipogeuzwa upande wa pili likawa ushahidi.

"Lazima kuna mtu," alisema mama mkubwa.

Mama mkubwa ana mbalanga. Vidole vyake vimeingia weupe mpaka kwenye vifundo, na midomo imepigwa duara jeupe kama mtoto aliyekunywa uji. Ujanani walisema kalishwa kitu na mke mwenziwe, wengine wakasema yeye ndiye aliyetaka kulisha na kitu kikamrudia. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wamesema wahenga. Hawakusema kwamba anaweza pia kuunyooshea kidole unyasi wa jirani.

Harusi ikapita. Jumatatu yake wakaenda, mama mkubwa mbele, mama nyuma. Mimi nilibaki dirishani nyuma ya pazia. Njia yetu ni nyembamba, kila neno lilinifikia. Mama Pili hakutukana. Alirudia jambo moja tu, na kila akirudia sauti ilizidi kupanda: "Mimi ndiye niliyemwonyesha! Ningekuwa mimi, ningemwonyesha?"

Ningetoka, ningesema ni kweli, kanionyesha yeye, na lile duara lilikuwepo kabla hajanigusa. Nimejiambia miaka yote hii kwamba sikutoka kwa sababu sikuwa nimejifunika. Ushungi ulikuwa begani mwangu.

Na nitaongeza hili, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimedanganya nusu: sehemu yangu moja iliwaamini. Kurogwa kuna jina, kuna mlango wa kwenda kugonga. Kunyonyoka nywele bure bure hakuna mlango.

Miezi iliyofuata naiendesha haraka. Duara likawa matatu. Zahanati moja wakasema mapunye, nikapewa vidonge na dawa ya kupaka, nikapaka mpaka ikaisha. Nikasuguliwa kitunguu maji, nikanuka jikoni kutwa. Unene ukaniingia bila kula, choo kikawa cha kubahatisha, sauti ikakwaruza, majirani wakaanza kunitazama tumbo. Nywele zilizobaki nazo zikapukutika, nikiamka asubuhi mto umevaa wigi. Nikapima virusi mara tatu maana kila mtu alikuwa anawaza hilo na hakuna aliyelitamka. Mara zote tatu sina, na kila niliporudi na jibu walinihurumia zaidi, kama vile ninaficha.

Aliyeniambia niende Moshi ni mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Same. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinafundisha madaktari wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nikapanda basi alfajiri, Muheza, Segera, Korogwe, mkonge pande zote, mistari iliyonyooka kama ya Mama Pili. Nililia kuanzia Mombo mpaka karibu na Mwanga, na abiria mwenzangu akanipa karanga.

Benchi tulilongojea lilijaa. Pembeni yangu alikaa kijana mwenye ualbino, kofia pana magotini, aliyefuata mafuta yake ya jua. Daktari alikuwa mwanamama mpole, na nilishangaa kuona haanzi na kichwa. Alianza na kucha zangu. Akazigeuza kwenye mwanga, akanionyesha vitobo vidogo vidogo kama vilivyochomwa na sindano ya cherehani. Nilikuwa navyo mwaka mzima, nadhani ni sabuni. Ndipo akatazama kichwa, kisha akanipapasa shingo, akaniambia meza mate, meza tena. Akauliza nani kwetu ana mbalanga.

Nilikaa kimya kwanza. Nilidhani kuna mtu kampigia simu.

Akanieleza kwamba yale maduara si mapunye, ni kinga ya mwili inavishambulia vishina vya nywele. Neno kinga likanishtua, maana kwetu ukilisikia hilo neno linalofuata ni upungufu. Akaliona usoni mwangu. "Si upungufu," akasema. "Unawajua sungusungu? Wanalinda kijiji usiku. Sasa wako wamemkamata mwenye nyumba mlangoni kwake, wakampiga wakidhani mwizi." Shina halifi, akasema, limenywea tu, nywele zinaweza kurudi na zinaweza kuondoka tena, hawezi kuniahidi. Na wakati mwingine sungusungu hao hao hupita na kwenye tezi ya shingoni.

Walipita kweli. Kipimo cha TSH kilisoma 60 na ushee, cha mtu mzima wa kawaida huishia kama 4. TSH ni sauti ya ubongo kuiita tezi ifanye kazi. Wangu ulikuwa unapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ndiyo sweta, ndiyo unene, ndiyo choo, ndiyo kupukutika kwa zile nyingine. Ugonjwa huo wa tezi una jina la daktari wa Kijapani, Hashimoto, aliyeuandika mwaka 1912. Nilimpigia mama simu nikiwa bado pale nje. "Tezi?" akasema. "Si ugonjwa wa kina babako huo?" Nikacheka mpaka mlinzi akaja.

Kidonge ninakimeza mpaka leo, alfajiri, tumbo tupu, nusu saa kabla ya chai. Ramadhani nakimeza kabla ya daku na naomba usingizi usinichukue katikati. Kichwani nikachomwa sindano ndogo ndogo, kila baada ya wiki kadhaa, zinauma kuliko nilivyoambiwa. Nywele zikaanza kurudi, nyeupe kwanza. Maduara mawili yaligeuka meusi baadaye. Hili la nyuma ya sikio limegoma.

Mama mkubwa nilimweleza kwamba mbalanga yake na nywele zangu ni mtu na dada yake. Alivitazama vidole vyake muda mrefu. Halafu akasema, "Madaktari nao hawajui kila kitu," akaniagiza nimletee chumvi.

Kwa Mama Pili wateja walikuwa wameisha tangu Machi ule. Niliporudi na karatasi zangu kutoka Moshi nikakuta baraza limewekwa friji ya soda. Wengine wanasema yuko Pangani kwa ndugu zake, wengine Dar es Salaam. Nilinunua doti ya khanga nimpelekee, nikahangaika dukani nusu siku, maana khanga inasema na kila jina niliona linasema vibaya. Nikachukua yenye "Mso hili ana lile". Nilipofika nayo nyumbani nikaisoma kwa macho yake, nikaona ni fumbo, ni kama naenda kumtukana mara ya pili. Basi ipo kabatini, haijakatwa, haijapindwa. Pangani si mbali, najua. Hata nauli si kitu.

Usiku ule binti yangu alipolala nikawasha tochi ya simu. Huwa nafanya hivyo, baba yake ananicheka. Nagawa nywele kwa kidole, mstari mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka nyuma ya masikio yote mawili. Akajigeuza, akaguna usingizini.

"Mama, unatafuta nini?"

Nikamwambia chawa.