Kinachonipa bingwa wa rali

Nina gereji yangu Unga Limited, Arusha. Nikiulizwa nani atachukua ubingwa wa rali wa taifa, siangalii gari lenye mbio zaidi. Namtafuta anayemaliza. Pointi hujumlishwa raundi kwa raundi. Ukishinda raundi moja kisha ukavunja shokapu katika raundi mbili zinazofuata, yule anayemaliza wa tatu kila mara anakupita.

Na barabara zetu zinavunja kweli! Kiangazi, vumbi la huku chini ya Meru ni laini kama unga wa sembe na linaficha mawe. Gari la mbele likishapita huoni kitu, unamtegemea msoma noti tu, yule anayekaa pembeni ya dereva akimsomea maelezo ya njia. Mvua ikinyesha, hapo hapo panateleza.

Ndiyo maana namheshimu sana Bert Shankland wa Tanzania, mshindi wa Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Siku hizo mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, maelfu ya kilomita, na yeye akarudi mwaka uliofuata akashinda tena!

Vijana wananiletea Subaru wakitaka nguvu ya injini. Nawaambia tuanze chini: bushi, shokapu, kinga ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Injini baadaye.