Jinsi nilivyofanikiwa kuotesha Ipomoea alba hadi ikachanua

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi kuhusu mbegu za Ipomoea alba, mmea utambaao wenye maua makubwa meupe ya usiku, ni kuzimwagia maji yanayochemka, na mpaka leo unanikera. Niliufuata kwa utiifu: mbegu zilivimba vizuri ajabu, zikalainika, kisha zikaoza zote udongoni, kwa kuwa kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, kilikuwa kimepikwa na maji hayo. Kinachozizuia mbegu hizi kuota ni ganda lisilopitisha maji, na ganda hilo halihitaji kupikwa bali kukwaruzwa.

Nilichukua msasa, nikasugua kila mbegu kwenye mgongo wake wa mviringo, mbali na kitovu, yaani lile kovu la mahali ilipokuwa imeshikamana na tunda, maana jirani na hapo ndipo mzizi wa kwanza unapochomoza. Nilikoma mara tu rangi hafifu ya ndani ilipoonekana, kisha nikaziloweka usiku kucha katika maji ya vuguvugu. Hila ninayojivunia ni ya asubuhi: zilizovimba nilizipanda, na zilizobaki ndogo na ngumu nilizirudisha kwenye msasa, kwani kutovimba ni ushahidi kwamba maji hayajaingia. Majani ya kwanza yatakuja yamegawanyika ncha. Msiyang'oe mkidhani ni gugu, kwa sababu yale yenye umbo la moyo hufuata baadaye.

Kisha nikaambiwa niuzungushe mmea kwenye kamba upande wowote nitakao. Aliyesema hivyo hakuwahi kuupanda. Shina hili hujisokota kinyume na mwendo wa saa ukilitazama kutoka juu, na nilipolielekeza upande mwingine lilijinasua na kuning'inia. Likivunjika hutoa utomvu. Watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati walichanganya maji ya mmea huu na utomvu wa mti wa Castilla elastica ili kupata mpira unaodunda. Mbolea yenye naitrojeni nyingi niliikataa, maana hunenepesha majani na kuchelewesha maua.

Walionihakikishia kwamba maua yangu yameshindwa kufunguka walikuwa wakiyatazama mchana! Tumba, lililosokotwa kama mwavuli uliofungwa, hufunguka jua linapozama, na likiwa tayari hufanya hivyo kwa dakika chache tu, mbele ya macho yako. Petali zake tano zimeungana kuwa sahani nyeupe yenye upana wa sentimita 11 hadi 14, juu ya mrija mwembamba unaoweza kufikia sentimita 12. Nekta imo chini kabisa ya mrija huo, kwa hiyo harufu tamu ya usiku huwaita nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, na asubuhi ua hunyauka. Kwangu nondo hawakuonekana, nikashika brashi laini na taa, nikahamisha chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Matunda yalifunga, mengi yakiwa na mbegu nne.