Foleni ya Sabuni

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kupanga foleni kwenye duka la ushirika mtaani kwetu Tanga, nikiacha jiwe mstarini miguu ilipochoka, ili mama apate mche mmoja wa sabuni na kilo ya sukari. Mara nyingi tulifika mlangoni tukaambiwa bidhaa zimekwisha.

Nilipokuja kusoma uchumi ndipo nilipoelewa. Tangu 1973 serikali ilikuwa na chombo cha kupanga bei, na bei iliyowekwa chini ya gharama haikumvuta mzalishaji wala msafirishaji, bali ilimneemesha mlanguzi. Mwanauchumi Friedrich Hayek alieleza mwaka 1945 kwamba maarifa ya nani anahitaji nini, na wapi, yametawanyika miongoni mwa watu wengi, na bei ndiyo inayoyafikisha kwa wengine. Ofisi moja haiwezi kuyakusanya. Nakubaliana naye, ingawa sisahau kwamba Vita vya Kagera na bei ya mafuta navyo vilitubana.

Kinachoniuma zaidi ni hofu. Mwaka 1983, ilipoanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, mzee jirani yetu alifukia usiku madebe mawili ya mafuta ya kula uani kwake, kwa kuogopa kukamatwa nayo.

Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa. Siku mama alipoleta miche mitatu ya sabuni, aliipanga juu ya kabati akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kukata kipande.