Mto Kakombe, Kutoka Ufukweni Hadi Maporomokoni

Hakuna barabara inayofika Hifadhi ya Gombe, kwa hiyo msafiri asiye na fedha za kukodi boti peke yake huketi kwenye mwalo wa Kibirizi, karibu na Kigoma mjini, akisubiri boti ya abiria iendayo vijiji vya kaskazini. Tuliambiwa itaondoka saa sita mchana, lakini iling'oa nanga baada ya saa nane, ikiwa imesheheni magunia ya unga, kreti za soda na watu waliokalia kingo. Nililipa nauli yangu, kisha nikadaiwa na ya begi, ingawa nililipakata safari nzima. Nilipokuwa nikibishana, mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliniambia, "Lipa tu, mwanangu, ziwani hakuna kushukia njiani." Nikalipa, huku nimenuna.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa na mwongozaji, niliufuata Mto Kakombe kutoka unapoingia Ziwa Tanganyika. Kilichonishangaza ni ufupi wake. Unaanzia karibu na ukingo wa juu wa Bonde la Ufa, kwenye nyasi na miombo, na kuteremka hadi ziwani, kwenye mwinuko wa takriban mita 773, ndani ya kilomita chache tu. Kwa mteremko huo mkali, mto hauna nafasi ya kuzungukazunguka. Unapita mbio juu ya mawe, chini ya miti mirefu iliyofungamana kwa mitambaazi, ilhali migongo ya vilima pande zote mbili ni mikavu. Katikati ya bonde maji yanaporomoka kwenye genge la yapata mita 25, mahali ambapo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, aliwaona sokwe dume wakiyumbayumba na kurusha mawe. Sisi hatukuona hata mmoja, na kiingilio hakirudishwi.

Maji yalikuwa maangavu, nami nikaukumbuka Ngerengere wa kwetu Morogoro, ambao hupokea vijito safi vya Uluguru lakini huingia Bwawa la Mindu ukiwa umebeba udongo wa mashamba. Kakombe una bahati ya ufupi: chanzo chake, bonde lake na mdomo wake vyote vimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968. Ngerengere hauwezi kuzungushiwa mpaka wa namna hiyo, kwa kuwa kabla ya kuungana na Ruvu unapita kwenye mashamba, viwanda na nyumba zetu wenyewe.