Ninavyompangia mume wangu dawa ya kulegeza misuli

Mume wangu aliumia uti wa mgongo, na miguu yake haikulegea kama watu wanavyodhani wakisikia mtu amepooza. Inakaza. Shuka likimgusa nyayo, mguu unaruka, unanyooka na kuwa mgumu, na saa nyingine mapaja yanabanana hata mkono haupiti katikati wakati wa kumsafisha. Ubongo ndio uliokuwa ukiituliza hiyo misuli. Sasa amri zake hazifiki zote chini, basi neva zilizo chini ya jeraha zinajibu kila kinachogusa zinavyotaka zenyewe.

Alianzishiwa baklofeni, miligramu 5 mara tatu kwa siku, ikawa inaongezwa kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Dawa hii huleta usingizi, kizunguzungu na uchovu, na mwili unahitaji muda wa kuizoea. Kila ilipoongezwa alikuwa anasinzia na kikombe mkononi, kisha baada ya siku mbili tatu anachangamka. Kabla ya yote walimpima figo, kwa sababu baklofeni nyingi hutoka kwa njia ya mkojo; figo zikiwa dhaifu, hujilimbikiza mwilini hata kwa dozi ndogo.

Dozi ilipanda mpaka mkazo ukakaribia kuisha. Miguu ikawa laini, usiku akalala bila kushtuliwa. Asubuhi nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkanda wa kiunoni, nikahesabu moja mbili tatu kama kawaida yetu. Akainuka nusu, magoti yakakunjika, uzito wake wote ukaniangukia kifuani, tukarudi kitandani wote wawili. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Mama watoto, leo umeninyang'anya miguu."

Kumbe ule ugumu unaomsumbua usiku ndio anaousimamia asubuhi. Nguvu zake mwenyewe ni kidogo. Kinachomshikilia wima zile sekunde chache za kuhamia kwenye kiti cha magurudumu ni misuli iliyokaza. Tulipompelekea daktari habari hiyo, hakutuuliza miguu inakaza kiasi gani. Alituuliza tunataka ifanye nini, na saa ngapi.

Swali hilo ndilo ninalopangia dawa mpaka leo. Baklofeni haikai mwilini muda mrefu: kiwango chake kwenye damu hushuka kwa nusu ndani ya saa tatu nne hivi, ndiyo maana hugawanywa mara kadhaa kwa siku. Daktari aliona kwamba si lazima dozi zote zilingane. Kwa hiyo ya asubuhi ikapunguzwa, ya kulalia ikaachwa kubwa, na kidonge cha kwanza mume wangu anakinywa akishakaa kwenye kiti. Saa moja baadaye, dawa ikiwa imeanza kazi, tunafanya mazoezi ya kunyoosha visigino na nyonga. Mtaalamu wa fiziotherapia alifurahi kupita kiasi, maana kunyoosha mguu unaokupinga ni kumuumiza mgonjwa bure. Mimi mwenyewe sibadilishi hata nusu kidonge bila kumuuliza daktari. Ninachokileta kwake ni saa.

Ninaziandika kwenye daftari la kawaida: dawa ilimezwa saa ngapi, mkazo ulikuja saa ngapi na ulikuwa wa namna gani, alisinzia lini, alihama vizuri au vibaya. Maneno yake ninayaandika alivyoyasema, kwa kuwa "inatetemeka" na "inavuta" si kitu kimoja kwake, na daktari huwa anasimama hapo hapo kuuliza zaidi.

Kuna kipindi miguu ilichachamaa ghafla. Dozi ile ile, saa zile zile, lakini hata kwenye kiti hakukaliki, anateleza kuelekea mbele. Nikapiga simu kuuliza kama iongezwe. Muuguzi aliyepokea hakugusia dawa kabisa. Mkojo una harufu? Choo alipata lini? Umemtazama matako na visigino? Kucha je? Nikamvua soksi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa chekundu, kimevimba pembeni, ukucha umeingia kwenye nyama, na ukikibonyeza kinatoa usaha. Yeye hakuhisi chochote, ila mwili ulikuwa unapiga kelele kwa njia pekee iliyobaki. Kidole kikatibiwa, miguu ikarudi ilivyokuwa bila kuongeza hata miligramu moja.

Tangu hapo, mkazo ukizidi bila sababu, naanza na mpira wa mkojo: umejikunja? Umeziba? Halafu choo kigumu, halafu ngozi, halafu kucha, halafu mshono wa suruali au mkanda unaobana. Baridi nayo inachangia, na homa. Nikikosa yote hayo ndipo naongea habari za dozi.

Tulijaribu pia tizanidini, dawa nyingine ya kulegeza misuli, kwa muda. Ilimkausha mdomo, na presha ilikuwa ikishuka akikalishwa, anaona giza. Ilikuwa na masharti yake: kupima damu kuangalia ini, na kutoichanganya na siprofloksasini, antibayotiki ambayo watu wenye mpira wa mkojo huandikiwa wakipata maambukizi. Ikichanganywa nayo, tizanidini hupanda sana kwenye damu, mtu akasinzia kupindukia na presha ikaanguka. Mfamasia ndiye aliyeliona hilo tulipopeleka cheti kipya, akampigia daktari, ikabadilishwa antibayotiki. Ndiyo maana naenda na orodha ya dawa zake zote hata nikifuata dawa ya kikohozi. Baadaye tizanidini iliachishwa polepole, tukabaki na baklofeni peke yake.

Jambo nisilolifanyia mzaha ni kuishiwa. Baklofeni ikikatwa ghafla, mkazo hurudi kwa nguvu kuliko ule wa mwanzo, na mtu anaweza kupata homa kali, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kifafa. Watu wakali wa maneno watakwambia mgonjwa aipumzishe dawa kidogo, "isimzoee". Mimi huwaitikia tu, kisha natoa kidonge saa ikifika. Vidonge vya akiba sivichanganyi na vya kila siku, na vikianza kupungua naomba cheti kabla sijaanza kuvihesabu. Akitapika na dozi hazikai tumboni, hiyo ni simu ya siku hiyo hiyo. Akilazwa kwa tatizo lingine, hata kama ni tumbo, kitu cha kwanza kumwambia muuguzi wa zamu ni baklofeni na saa zake. Wodini dozi za saa tatu usiku husahaulika kirahisi.

Kwa sasa miguu kwa ujumla iko pazuri, isipokuwa yale mapaja kubanana, na hapo vidonge vimefika mwisho wake: nikitaka mapaja yaachie zaidi, magoti nayo yatalegea. Daktari ametuwekea mezani sindano za botulinamu, dawa inayolegeza ule msuli unaochomwa, kwenye misuli ya ndani ya mapaja tu. Kazi yake huonekana baada ya siku kadhaa, hudumu kama miezi mitatu, kisha hurudiwa ikihitajika. Mume wangu hajakubali wala hajakataa. Anataka kwanza mtaalamu wa fiziotherapia aje amwone anavyosimama, amwambie kama misuli hiyo inamsaidia kuhama au inamzuia kusafishwa tu.