Cherehani yangu ya kwanza, nilivyoichagua

Binti yangu alirudi kutoka shuleni Jumatano moja huku pindo la sketi likining'inia. Pindo lile nililishona mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kicherehani cha kushika mkononi, kile cha plastiki chenye umbo la stepla kinachotumia betri nne. Nilikiagiza mtandaoni kwa sababu bei ilikuwa chini, na kwenye video kilikuwa kinateleza juu ya kitambaa bila shida. Nilipoishika ile sketi na kuichunguza ndipo nikaelewa. Kifaa kile kinashona kwa uzi mmoja tu, vitanzi vinashikana kama mnyororo. Mtoto alivuta ncha iliyokuwa inamchoma gotini, na mshono wote ukafumuka. Cherehani kamili ina nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano, na zinafungana ndani ya kitambaa kwenye kila tundu. Ukivuta mmoja, mwingine unaushikilia.

Ilikuwa mwishoni mwa 2023. Nilikuwa nimetoka kupokea mchezo, zamu yangu ya hela tunazochangishana kikundini, shilingi 400,000, na nikaamua hela ile isiingie kwenye kitu kingine. Sikuwa nimewahi kukanyaga cherehani. Nilitaka kushona sare za wanangu, magauni ya vitenge na mapazia, na mkono ukizoea, nichukue kazi ndogo ndogo za majirani hapa Morogoro.

Kila niliyemuuliza alikuwa na lake. Dada alisema nichukue ya umeme yenye mishono mingi, maana ya kukanyaga ni ya bibi zetu. Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo alisema ya kiwandani, ukinunua umenunua. Mama mkwe yeye alisema Butterfly tu, ile nyeusi ya kukanyaga, akarudi kuchambua mchicha wake.

Ya kiwandani niliiondoa mapema. Rafiki yangu alinikalisha kwenye ya kwao, na nilipogusa pedeli kitambaa kilikimbia kabla sijajua mkono uko wapi. Mashine zile zinaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika. Kwa anayeshona kola mia kwa siku ni neema, ila mimi nilikuwa sijaweza kunyoosha mstari. Halafu meza yake ingejaza sebule yangu nzima.

Nikaenda Dar, Kariakoo, na mawazo ya dada kichwani. Nikaiona moja nyeupe, iliyotumika, kutoka Japani, ina mishono zaidi ya 20 na michoro ya maua. Niliipenda kwelikweli. Muuzaji akaniambia ni kubadilisha plagi tu. Kabla ya kutoa hela nikampigia fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu anayetengeneza cherehani, ambaye mume wangu anamfahamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu igeuze, tafuta kibati karibu na pale waya unapoingia. Kimeandikwa volti ngapi?"

Nikasoma: 100.

"Basi iache hapo hapo. Njoo nyumbani tuzungumze."

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230. Plagi haipunguzi chochote. Ukiichomeka ile mashine ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, mota inaungua. Muuzaji sidhani kama alikuwa na nia mbaya, labda naye hakujua, lakini hasara ingekuwa yangu. Na hata ingekuwa ya volti 230, miezi ile tulikuwa kwenye mgao, umeme unakatika mchana kutwa. Ningeshona saa ngapi?

Nikarudi Morogoro mikono mitupu. Kilichonifunza kuchagua ni siku tatu nilizokaa barazani kwa yule mzee. Hakunihubiria. Aliendelea na kazi zake, mimi nikawa naangalia kinacholetwa na kinachoondoka. Cherehani nyeusi za miguu zilikuwa zinakuja asubuhi na kuondoka jioni: mkanda umelegea, springi ya uzi imekatika, meno yanayosogeza kitambaa yamejaa vumbi la nyuzi. Ukutani kwenye shelfu kulikuwa na za umeme tatu, za plastiki, zenye vumbi. Nikamuuliza zinangoja nini. Akaifungua moja akanionyesha gia ya ndani, nayo ya plastiki, imepasuka. Hana mbadala, na kila modeli ina gia yake. Mwenye mashine alikuwa ameshaacha kuiulizia.

Kisha akanimwagia makopo yake mezani. Bobini, kesi za bobini (vikasha vya chuma bobini inamokaa), skrubu, springi, karibu zote za aina moja. Alinieleza kwamba Butterfly, iliyoanzia Shanghai, imefuata umbo la modeli ya zamani ya Singer, ya daraja la 15, na viwanda vingine vingi vimefuata umbo hilo hilo. Kwa hiyo bobini, kesi na sindano za moja zinaingia kwenye nyingine, na duka lolote la uzi hapa mjini wanaziuza. Pale ndipo maswali yangu yalipobadilika. Nilikuwa nauliza cherehani hii ina mishono mingapi. Nikaanza kuuliza ikiharibika Jumatatu, Jumanne nitakuwa nashona?

Swali hilo ndilo lililoniondoa kwenye Singer ya zamani ya jirani yetu. Alikuwa anaiuza kwa bei ya kirafiki, nayo nzuri mno, ina nakshi za dhahabu shingoni na chuma chake kizito kinazunguka kimya kabisa. Lakini bobini yake ilikuwa ile ndefu nyembamba, inayokaa ndani ya kitu chenye umbo la mtumbwi kinachokwenda mbele na nyuma. Alikuwa amebaki na bobini mbili tu. Mzee akasema itaendelea kushona miaka mingi kwa mtu anayeijua, ila mimi bado najifunza, na anayejifunza hupoteza na kuvunja. Iliniuma kuiacha. Hadi leo nikipita kwao naiangalia.

Safari ya pili ya Kariakoo nilibeba vitambaa vyangu kwenye mkoba: tetroni ya sare, kitenge, na kipande cha suruali ya jinzi. Nawaomba sana mnaotaka kununua, msikubali kujaribishiwa kwa kitambaa cha duka. Kile kimechaguliwa, hakina shida, kila mashine itakishona vizuri. Mimi nilikunja jinzi ikawa tabaka nne nikasema tushone hiki. Mashine ya kwanza ikaruka mishono. Nilitaka kuondoka, lakini nikakumbuka aliyoniambia mzee, nikaomba wabadilishe sindano kwanza. Iliyokuwemo ilikuwa namba 11, ya vitambaa vyepesi. Wakaweka 16, mishono ikatulia. Kwa kitenge na tetroni natumia 14 mpaka leo.

Ile ya kwanza hata hivyo sikuichukua, kwa sababu stendi yake ilikuwa inacheza. Ukikanyaga, meza nzima inatikisika na mstari unapinda hata kama mkono umetulia. Niliyoichukua ilikuwa ya tatu. Kabla ya kutia uzi nilizungusha gurudumu taratibu kwa mkono, nikisikiliza kama kuna mahali linakwama. Nikatazama sindano ikishuka, kama inaingia katikati ya tundu bila kugusa chuma. Nikashona tetroni na kugeuza upande wa chini, maana huko ndiko ubaya unakojificha. Ukiona uzi umejikusanya chini, mara nyingi tatizo liko juu, uzi haujabanwa vizuri au umepitishwa vibaya. Mwisho nikatoa kesi ya bobini nikaining'iniza kwa uzi wake. Ilikaa, na nilipotikisa mkono kidogo ikashuka kidogo tu, kama inavyotakiwa.

Butterfly nyeusi, mpya, na meza na stendi yake: shilingi 310,000 baada ya kuvutana. Nikaongeza bobini kumi, paketi mbili za sindano na chupa ya mafuta. Stendi wakaifungua vipande, ikaingia kwenye buti la basi. Kichwa sikukiachia mtu, nilikipakata kutoka kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar, hadi Msamvu, Morogoro, na mapaja yalikufa ganzi.

Wiki ya kwanza sikushona nguo. Nilitoa uzi nikawa napita kwenye karatasi za daftari la mistari, nikifuata mstari kwa matundu ya sindano. Ugumu wa kanyagio uko kwenye kuanza: mkono unavuta gurudumu kuja kwako, miguu inapokea. Ukichelewa, linarudi nyuma, na kama uzi umo unakatika au unajikunja chini. Siku ya nne miguu ikaelewa yenyewe. Mkanda wa ngozi nao ulilegea ndani ya miezi miwili. Nilichomoa kile kikulabu, nikakata kipande kidogo, nikafunga tena. Sikuhitaji hata kwenda kwa mzee.

Kuna nilichokosa. Hii inashona mstari ulionyooka tu, hakuna zigizaga, ule mshono wa kwenda kushoto na kulia. Kingo za ndani inabidi nizikunje na kuzifunika ndani ya mshono, au nipeleke kwa mama mmoja mwenye ovaloki, mashine ya kuzungushia uzi kwenye kingo, anipigie kwa hela kidogo. Tisheti na vitambaa vya kuvutika sizigusi, mshono ulionyooka unakatika nguo ikivutwa. Kama ungetaka kushona nguo za mazoezi, ningekuambia utafute ya umeme yenye zigizaga na uhakikishe kwanza kwamba fundi wake yupo karibu, hata kama ni ghali zaidi.

Mwaka uliofuata Bwawa la Julius Nyerere likaanza kuzalisha umeme, mgao ukaisha, na dada akarudi na maneno yake ya mota. Kwenye shingo ya Butterfly yangu kuna sehemu ya kufungia mota ndogo, kwa hiyo naweza kuiweka siku yoyote bila kubadilisha mashine. Nimeshaulizia bei. Ila sare za muhula huu, sketi tatu na mashati mawili, nimezishona kwa miguu, na mapindo yote bado yapo.