Shukrani niliyoipata kwa Wastoa, baada ya orodha kunishinda

Ukisema maisha yamekuchosha, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Shukuru Mungu, wenzako wako hospitali." Nimeambiwa hivyo mara nyingi, tena na watu wanaonipenda, na kila mara naudhika. Shukrani inayosimama juu ya shida ya mwenzako ni shukrani gani? Mgonjwa akipona, utabaki unashukuru nini? Na yeye aliyelazwa, amtazame nani?

Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale, hawakufundisha hivyo. Jina lao limetokana na baraza, lile baraza la michoro la Athens ambako Zeno wa Citium alianza kufundisha mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Kwao hulinganishwi na jirani. Unalinganishwa na wewe mwenyewe, ukiwa huna hicho ulicho nacho sasa. Tofauti hiyo moja ndiyo iliyonifaa, ingawa nilianza kwa kuitumia vibaya.

Kabla yake nilijaribu orodha: mambo matatu ya kushukuru kila usiku, kama inavyofundishwa kila mahali. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili nikaandika afya, familia, chakula. Ya tatu afya, familia, kazi. Mkono unaandika, moyo uko kwingine. Sababu yake ni kwamba kitu kilichozoeleka hakirudi machoni kwa kutajwa jina tu, na neno kama "familia" ni pana mno, halina sura wala sauti.

Dawa niliikuta kwa Marcus Aurelius, Mstoa aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Katika kitabu cha 7 cha daftari lake la binafsi, linalojulikana kama Meditations, aya ya 27, anajiambia achague vilivyo bora miongoni mwa alivyo navyo, kisha ajiulize angevitamani kiasi gani kama angevikosa. Papo hapo anajionya asivizoee hadi siku vikiondoka ahangaike. Wengi hunukuu nusu ya kwanza, na nusu ya pili wanaiacha.

Mimi nilianza kitandani, taa imezimwa, na nilianza na watoto. Hilo ni kosa, na nalieleza kwa urefu kwa sababu kila ninayemfundisha zoezi hili hulirudia. Ukilala chali gizani, akili haina pa kushika. Unafikiria homa, kutoka homa unafika ajalini, kutoka ajalini unafika mazishini, na saa nane za usiku uko macho, jasho linakutoka. Hiyo si falsafa, ni wasiwasi uliopewa ruhusa. Nilifanya hivyo karibu wiki mbili nikidhani ugumu ndio dalili ya kufanya vizuri.

Mstoa mwingine, Epictetus, alikuwa ameshaonya. Alizaliwa mtumwa, alikuwa kiwete, baadaye akafundisha huko Nicopolis, Ugiriki, na maneno yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Anasema anza na vitu vidogo kabisa: kama unaupenda mtungi, jiambie kwamba unaupenda mtungi, ili ukivunjika usifadhaike. Watoto na mwenza wanakuja baada ya mtungi. Mimi nilikuwa nimeruka mtungi.

Kwa hiyo sasa nafanya mchana, nimekaa wima, macho wazi, kitu kimoja tu, dakika tatu za saa ya ukutani. Chukua kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikunje ndani ya kiganja, ukishikilie hapo, kisha upite siku yako saa kwa saa ukiwa huna. Kifungo cha shati hakifungi. Kibiriti hakiwaki. Ufunguo unazunguka mkononi lakini kitasa hakizunguki. Mchana unakata ugali, unaviringisha tonge, unataka kulibonyeza shimo la kuchotea mchuzi, na cha kubonyezea hakipo. Tonge linabaki duara, mchuzi unachuruzika. Dakika tatu zikiisha kifungue kidole, ukitumie papo hapo kwa kazi ya kweli. Hatua hii ya mwisho usiiache hata siku moja. Bila kukitumia kitu mara moja, zoezi linaishia kwenye huzuni.

Baada ya mwezi wa vitu vidogo, ndipo ninapoingia kwa watu. Hapo pia sifikirii kifo. Nafikiria mtu amesafiri, kiti chake kiko wazi mezani. Inatosha. Halafu nampigia simu au nakwenda kukaa naye.

Zoezi la pili ni la Seneca, Mstoa wa Roma. Barua yake ya 18 kwa rafiki yake Lucilius iliandikwa Desemba, Roma nzima ikiwa kwenye sherehe za Saturnalia. Anamshauri atenge siku chache za chakula duni na nguo za kukwaruza, siku tatu au nne, hata zaidi, kisha ajiulize kama hicho ndicho alichokuwa akikiogopa. Zangu ni tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kwa kuwa mwishoni mwa wiki wageni hawakosi. Uji asubuhi bila sukari. Ugali na mchicha wa kuchemsha kwa chumvi, bila mafuta, mchana na jioni. Maji. Shati moja, mkeka badala ya godoro. Gharama ni kidogo tu, hela ya kifungua kinywa cha mgahawani inakutosha siku zote tatu. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au mimba asijaribu upande wa chakula, mkeka unamtosha.

Linaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwatangazia watu. Seneca anasema wazi usijione umefanya jambo kubwa, maana maelfu ya watumwa na maskini wanaishi hivyo kila siku. Ya pili ni kujilipa siku ya nne kwa kuku mzima na soda. Mimi Ijumaa naanza na kikombe kimoja cha chai, kijiko kimoja cha sukari. Utamu unaanzia ncha ya ulimi, unapanda pembeni mwa mashavu, mate yanajaa. Zamani nilitia vijiko vitatu na sikusikia kitu.

Wanaoogopa kwamba haya yanagombana na dini wamsome Epictetus, kitabu cha 1 cha mafundisho yake, sura ya 16. Anajiita mzee kiwete ambaye kazi iliyombakia ni kumwimbia Mungu sifa.

Daftari nimelirudia, ila si orodha tena. Kitabu cha kwanza cha Marcus kina sehemu 17, karibu zote za mtu mmoja mmoja na kile hasa alichopata kwake. Hasemi "mwalimu wangu, kwa wema wake". Kwa mwalimu wake Rusticus anashukuru kuazimwa maandishi ya Epictetus. Kwa Alexander mfuasi wa Plato, kutosema ovyo "nina shughuli". Nami natumia daftari la kurasa 96, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja: jina, nilichojifunza, na mahali nilipomwona akikifanya. Kama hakuna mahali, siandiki.

Kuna kurasa ngumu. Hata mdogo wake wa kuasiliwa, Lucius Verus, Marcus anamshukuru kwa sababu tabia yake ilimwamsha ajichunge mwenyewe. Ukurasa wa mtu niliyegombana naye kwa ajili ya deni ulikaa mtupu Januari hadi Mei. Sasa una mstari mmoja: alinifundisha kuhesabu hela mbele ya anayenipa, bila kuona haya.